Mzawa Ni Nani Hasa? Bifu la Mastaa Wawili Limenikumbusha Siku Niliyoambiwa "Kaa Pembeni"

Wadau, najua ubuyu wa wiki hii mmeshaumung'unya mpaka mbegu, kwa hiyo sirudii wote. Kwa wale tu waliokosa bando: msanii mmoja wa singeli, jina kapuni, amerushiana maneno na dada mmoja mtangazaji ambaye pia ni mwanamitindo, jina kapuni vilevile. Kisa ni malipo ya shoo. Nani mkweli kwenye hayo malipo wanajua wao na Mungu wao, leo hayanihusu. Bifu likaenda kama mabifu yote yanavyoenda, timu huyu, timu yule, vijembe vya hapa na pale, mpaka jamaa alipoingia laivu usiku mnene akasema: "Huu mji ni wetu sisi wazawa. Wewe rudi kwenu."

Yule dada ana asili ya Kihindi. Hakupaniki, hakutukana. Akajibu mstari mmoja tu: "Kwetu Tanga. Bibi yangu kazaliwa Ngamiani na kaburi lake liko hukohuko Tanga. Nirudi wapi?"

Weee! Komenti zilivyofurika sasa. Nusu wanasema kamnyoosha, nusu wanasema Mhindi ni Mhindi tu hata azaliwe Mwananyamala. Halafu kesho yake wajuaji wa mjini wakachimba ukoo wa jamaa mwenyewe, wakaja na habari kwamba babu yake ni Mmanyema, yaani asili yao ni Kongo. Timu ya dada wakapata sherehe: "Kumbe mzawa mwenyewe Mkongo!" Jamaa akafuta video. Mpaka naandika hivi yuko kimya kama kamwagiwa maji.

Wengi wamecheka wakapita. Mimi nilicheka nikasimama njiani, kwa sababu hili neno mzawa lishawahi kunikalisha kwenye benchi siku tatu, na simu yangu ikazimwa juu yake. Nitafika huko. Kwanza tulifungue neno lenyewe, maana naona watu wanalitumia kama panga bila kujua limefuliwa wapi.

Mzawa linatokana na kuzaa. Kuzaa, kuzawa, mzawa. Siku hizi wengi wetu tunasema kuzaliwa, lakini kuzawa ni hilohilo, ndugu mmoja na mzazi, kizazi, uzao na mzaliwa. Kwa hiyo ukilichukua lilivyo, mzawa ni mtu aliyezaliwa mahali fulani. Basi. Ndani ya neno hakuna rangi ya ngozi, hakuna aina ya nywele, hakuna kabila, wala halikuulizi habari za babu. Ukizaliwa wodi ya wazazi Temeke wewe ni mzawa wa Temeke, hata kama mama yako alikuwa anapita tu kwenda Mtwara na uchungu ukamkuta stendi.

Sasa kwa hesabu hiyo, kwenye lile bifu wote wawili ni wazawa. Dada kazaliwa Tanga, jamaa kazaliwa Dar. Na kama ni mzawa wa nchi, bibi wa dada kamtangulia babu wa jamaa. Lakini sote tunajua jamaa hakumaanisha hivyo. Alivyosema "sisi wazawa" kila mtu alielewa: sisi weusi. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Neno linasema kuzaliwa, mdomo unamaanisha ngozi. Huu mchezo haujaanza jana.

Turudi pwani ya karne ya 19, Bagamoyo, Pangani, Unguja, enzi za biashara ya watumwa. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara, hajui Kiswahili, hajui desturi za mji, aliitwa mjinga. Ndiyo, neno hilohilo tunaloitana leo mtu akituma hela kwa tapeli. Mjinga kwa maana ile alikuwa mgeni, hajazoea. Akizaa mtoto palepale mjini, yule mtoto hakuitwa mjinga, aliitwa mzalia. Anaongea Kiswahili cha mji, anajua dini, anajua ngoma zote, anavaa kama watu wa mji. Ila mtumwa bado. Kazaliwa hapo, kakulia hapo, na hana sauti hapo. Juu yake walikaa waungwana, na hao ndio walijihesabu kuwa wenye mji.

Kwa hiyo zamani hizo tayari kulikuwa na maswali mawili tofauti. Moja: umezaliwa wapi? Pili: mji ni wa nani? Mzalia alijibu vizuri swali la kwanza, akafelishwa la pili.

Wakaja Wajerumani. Kwa lugha yao mtu waliyemtawala huku walimwita Eingeborene. Ukilivunja hilo neno linamaanisha aliyezaliwa humu. Wakaja Waingereza baada ya Vita vya Kwanza, wakaja na native yao, ambayo wameitoa kwenye Kilatini na mzizi wake ni kuzaliwa. Nilivyogundua hili nilirudia mara mbili kusoma. Lugha tatu, mzawa, Eingeborene, native, zote zinasema kitu kimoja: kuzaliwa. Na zote tatu zimeishia kutumika kwa maana nyingine kabisa.

Maana angalia Waingereza walivyofanya. Katika sheria zao za Tanganyika, mtu mwenye asili ya Afrika alikuwa native, na mwenye asili ya Ulaya au Asia hakuwa, hata kama kazaliwa nyumba ya jirani siku moja na wewe. Mji wa Dar wenyewe ukakatwa vipande: Uzunguni huku, Uhindini huku, na weusi Kariakoo na Ilala. Shule mbalimbali, hospitali mbalimbali. Na msidhani kuitwa aliyezaliwa hapa ilikuwa sifa. Ndiye aliyekuwa chini kabisa. Unaitwa mtoto wa nyumba halafu unalala nje.

Halafu ikafika 1961. Kuna tukio la mwaka ule naona halisimuliwi vya kutosha. Oktoba, wiki chache kabla ya uhuru wa Desemba 9, Bunge linajadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa weusi, hawa wengine wasubiri kwanza. Na uwaelewe, wametoka kubaguliwa kwenye nchi yao wenyewe kwa miaka mingi, hasira zilikuwa kifuani. Nyerere akawakatalia. Akaweka wazi kwamba Bunge likitaka uraia ufuate rangi, serikali yake itajiuzulu. Fikiria, uhuru wenyewe haujafika, mtu yuko tayari kuachia kiti kwa ajili ya hilo. Muswada ukapita bila rangi ndani yake.

Ungedhani yameisha. Wapi!

Miaka ya 90, wengi wetu hatujazaliwa, mashirika ya umma yanauzwa, soko limefunguliwa, na watu wanaona wenye mitaji ya kununua si wao. Hapo neno mzawa likafufuka na nguo mpya: uzawa. Mchungaji Mtikila, marehemu, akawa anajaza mikutano kwa kuwasemea walalahoi na kuwashambulia aliowaita magabacholi, yaani Wahindi. Wengine walilibeba kwa utulivu zaidi. Marehemu Iddi Simba, aliyewahi kuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa hoja ya uzawa, na hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: Mwafrika wa nchi hii alizuiwa kufanya biashara kubwa enzi za mkoloni, baadaye Ujamaa nao haukumpa nafasi ya kuwa tajiri, sasa mkifungua mlango wote kwa pamoja, nani atatangulia kuingia?

Mimi binafsi naona swali lile lilikuwa halali. Kabisa. Mtu aliyefungwa miguu huwezi kumwambia tukimbie mbio za haki. Lakini neno ndilo lililoharibu. Ukisema unataka kumsaidia aliyeachwa nyuma, tutakuelewa wote. Ukisema unataka kumsaidia mzawa, unampa mtu wa mtaani ruhusa ya kumwangalia mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Tanga na kumwambia wewe hukuzaliwa. Na ndicho tulichokiona laivu juzi, miaka thelathini baadaye, kutoka kwa kijana ambaye sidhani kama anamjua Iddi Simba.

Cha kufurahisha, serikali ilipokuja kutunga sheria ya jambo hili mwaka 2004 haikutumia mzawa. Iliitwa Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Wananchi. Wana wa nchi. Mtu fulani ofisini alikaa na kalamu akalikwepa lile neno, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Leo mzawa limehamia zaidi kwenye mpira. Kocha mzawa, mshambuliaji mzawa, kipa mzawa. Huko nako limebadilika tena, maana yake sasa ni paspoti. Mnakumbuka Januari 2025, wachezaji watatu wa kigeni wa klabu moja ya Ligi Kuu walivyopewa uraia? Nchi nzima ikageuka kitivo cha sheria. Vijiwe vyote swali moja: sasa hawa tuwahesabu wageni au wazawa? Mzee mmoja kwenye kahawa pale mtaani kwetu akasema, "Wazawa wa karatasi." Tukacheka. Mimi nikacheka nusu, kwa sababu karatasi naijua.

Haya, tufike kwenye benchi.

Mwisho wa 2019 kama mnakumbuka kulikuwa na lile tangazo kwamba laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na bila namba ya kitambulisho cha taifa husajili. Siku ya mwisho ikasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Mimi nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina simu ya mkononi na ukurasa mdogo wa udaku ninaoulea kama mtoto. Nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikapanga foleni toka alfajiri. Aliyekuwa mbele yangu akaulizwa kwenu wapi, akasema Kilosa, akapita. Zamu yangu.

"Kwenu wapi?"

"Temeke, Tandika."

"Nakuuliza kwenu."

"Nimezaliwa Tandika, mama."

"Mdogo wangu, baba yako wa wapi?"

"Kasulu. Kigoma."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia uso, akaangalia cheti changu cha kuzaliwa ambacho kimeandikwa Dar es Salaam kwa herufi kubwa, akasema: "Sasa wewe ni mzawa kweli? Kaa pembeni."

Nikakaa pembeni. Pale pembeni nikakuta wenzangu watano, na baada ya salamu mbili tatu tukagundua wanne kati yetu ukoo wetu ni Kigoma na mmoja Kagera. Tukaangaliana. Nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yangu! Mtu ambaye mwaka aliozaliwa anaukumbuka kwa njaa iliyopita kijijini. Ikabidi baba ampigie shangazi Kasulu, shangazi aende kwa mtendaji, barua ipandishwe basi. Nikarudi mara tatu. Januari ikaisha, laini ikazimwa, ukurasa ukalala wiki kadhaa. Wafuasi mia nane hivi wakaondoka. Kwa mwingine ni utoto, kwangu ilikuwa ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo.

Nisiwe mnafiki, naelewa kwa nini wanauliza. Kigoma iko mpakani, watu wamekimbia vita Burundi na Kongo kwa vipindi, na nchi ina haki ya kujua nani ni nani. Kinachoniuma ni kwamba swali halikuwa umezaliwa wapi. Hilo nililijibu na cheti kipo mezani. Swali lilikuwa lilelile la mzalia wa Bagamoyo. Sawa umezaliwa hapa, lakini mji ni wa nani?

Na mimi wangu ulikuwa mwezi mmoja. Kuna watu wao ulikuwa miaka arobaini. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwaleta wakimbizi wengi Tanzania, wakapewa maeneo Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo ambako leo ni Katavi. Wakafyeka pori, wakalima, wakazaa. Watoto wao wakasoma shule zetu, wakaimba wimbo wetu wa taifa kila asubuhi, wakakua, nao wakazaa. Na wote hao, mpaka mjukuu aliyezaliwa Katumba ambaye Burundi hajawahi kuiona hata kwa mbali, waliitwa wakimbizi. Mkimbizi aliyekimbia kutoka wodini kwenda nyumbani! Mwaka 2010 zaidi ya 160,000 wakakubaliwa kuwa raia, na vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa 2014. Huwa nalitaja hili kwa sifa, maana ni nchi chache duniani zimewahi kufanya jambo kubwa namna hiyo. Lakini hesabu miaka toka 1972.

Jirani zetu Kenya nako, Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakabaki. Vizazi vimepita hawana vitambulisho, hawawezi kufungua akaunti ya benki wala kumiliki shamba kwa jina lao. Oktoba 2016 wakaamua kwenda Nairobi kwa miguu kumwona rais. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Na mwaka huohuo, 2017, Wakenya wenye asili ya Asia nao wakatangazwa kabila la 44. Kuwa mwenyeji kumbe kunaweza kupewa namba kama jezi.

Turudi Dar, maana bifu lilikuwa la nani ana huu mji. Haya, ni wa nani?

Ukiuliza haraka utaambiwa Wazaramo. Sawa, na nawaheshimu sana, ndio waliotupokea wote. Lakini wazee wakisimulia vizuri watakwambia kabla ya mji kuitwa Dar es Salaam palikuwa na kijiji cha Mzizima, na pwani hii walikaa Washomvi, wavuvi na wachemsha chumvi. Wakavamiwa na Wakamba, wakamwomba msaada Pazi Kilama wa Wazaramo kutoka bara, akaja, akawapiga wavamizi, na kwa fadhila hiyo Wazaramo wakawa wanalipwa kodi na watu wa pwani. Kwa hiyo Mzaramo naye kwenye simulizi hiyo alikuja. Na Washomvi wenyewe, hao wa mwanzo? Simulizi zao zinasema wazee wao walitoka Barawa, ambako leo ni Somalia.

Halafu miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji hapa. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa 1891 kutoka Bagamoyo. Wakaja askari wa Kisudani, wapagazi wa Kinyamwezi, Wagoa, Wahindi, Washihiri, na Wamanyema kutoka Kongo ya mashariki. Ndiyo, babu zake jamaa yetu. Wamanyema wako Dar toka enzi hizo, Kariakoo ya mwanzo huwezi kuisimulia bila wao. Na hata jina Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, enzi za Vita vya Kwanza. Ndiyo maana wale waliomcheka "Kumbe Mkongo" nawaona wamefanya kosa lilelile alilofanya yeye. Mmemvua uzawa kwa sababu alimvua mwenzake. Sasa amebaki nani na nguo?

Naijua hasira yake lakini. Tusijifanye hatuioni. Vijana wa singeli wametengeneza muziki uswahilini, kwa vifaa vya kuungaunga, na shoo zikianza kulipa wanakuta meza imeshakaliwa na wengine. Mzaramo aliyeuza kiwanja Mbagala kwa bei ya kutupa leo anaishi Chanika ndani ndani na anapanda daladala kuja kufanya usafi kwenye jengo lililosimama alipokuwa na minazi. Hayo ni ya kweli, na mtu akiyasema nitamsikiliza mpaka asubuhi. Ila hayo ni mambo ya pesa na mikataba. Mkataba mbovu dawa yake ni mkataba mzuri. Kumwambia mtu arudi Ngamiani hakukuongezei hata mia kwenye shoo.

Kuna neno nalipenda kuliko mzawa, na bahati mbaya tumelizoea mpaka hatulisikii. Mwenyeji. Litamke taratibu: mwenye mji. Ukilisikia hivyo unaweza kudhani ni neno la kujimilikisha, na kweli wapo wanaolitumia hivyo, nenda tu Mombasa usikie wapwani na wabara wanavyopimana. Lakini angalia Kiswahili kinavyolitumia kila siku. Ukifika Mwanza hujui mtu unasema sina mwenyeji. Anayekupokea stendi ni mwenyeji wako, hata kama yeye mwenyewe kahamia Mwanza mwaka jana. Ukikaa miezi ukazijua njia unasema nimeshakuwa mwenyeji. Mzawa huwezi kuwa kesho kama hukuwa leo. Mwenyeji unakuwa. Na wahenga walivyosema mgeni njoo mwenyeji apone, walimpa mwenyeji kazi ya kufanya, hawakumpa cheo cha kukalia.

(Najua kuna atakayesema mimi Mmatumbi tu, sitaki haya mambo. Na hilo nalo, mnajua Wamatumbi ni watu kamili? Ni wale wa milima ya Kilwa waliong'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905 na Maji Maji ikaanza. Mjini tumeligeuza jina lao kuwa la kujitania sisi weusi wote. Nikipata muda nitaliandikia siku yake.)

Baba yangu alikuja Dar kwa treni ya Kigoma, 1991, na begi moja. Alipokelewa Tandika na bibi mmoja wa Kizaramo, hawana undugu wowote, alimpangisha chumba cha uani na kumwonyesha maji yanapochotwa na dukani wanakokopesha. Mwaka mzima yule bibi akimtambulisha baba kwa watu anasema, "Huyu mgeni wangu." Baba anasema ilikuwa inamkera kidogo, maana alishaanza kujiona mtu wa mjini. Siku moja akaja kijana kutoka Lindi, kachoka, ana sanduku, anatafuta chumba. Bibi alikuwa anasuka ukili barazani, hakuinuka. Akamwita baba akamwambia, "Mpokee mgeni huyo, mwonyeshe. Wewe sasa si mwenyeji."

Juzi nilimwonyesha baba ile video kabla haijafutwa. Akaitazama mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Huyu kijana alipokelewa na nani?"

Jamaa wa singeli kama unasoma, na najua unasoma maana uliwahi kunitumia meseji ya matusi, futio la video tumeliona, ila dada bado anasubiri neno lako. Na nyie wengine tukutane hapo chini: ukiulizwa kwenu wapi, unataja ulipozaliwa au anakotoka babu? Na kuna aliyewahi kuambiwa akae pembeni kama mimi? Tiririka, povu ruksa, matusi nafuta.